Vidonge vya Baba Si vya Kugawana

Paskazia na Maduhu,

Nimempeleka Mzee Nkwabi hospitali. Uji wa baba yenu uko kwenye chupa. Hauna chumvi, na akinuna, anunie uji.

Asubuhi Mzee Nkwabi alikunywa chai hapa, akainuka kuaga, akaanguka mlangoni kama gunia la pamba. Ndipo baba yenu akasema kwamba tangu atoke wodini yeye na Nkwabi wanakata kila kidonge chake cha moyo nusu kwa nusu. "Mwenzangu naye kifua kinambana. Nimeze peke yangu, mgeni ananitazama?" Nesi alitufundisha habari za chumvi, kutembea na kutobeba mizigo. Hakuwaza kutufundisha uchoyo.

Vidonge ~~vifungieni kabatini~~ mwachieni, ila ameze mkimwona. Jioni mtembezeni polepole hadi dukani.

Msimgombeze. Tangu wapunguzwe kazi kiwandani Nyakato, hao wawili wamegawana hata dagaa, nasi tukaishi. Tulipompakia Nkwabi kwenye pikapu alifumbua macho, akaniuliza, "Shemeji, mwenzangu amekwisha kumeza?"

Mwambieni baba yenu hivyo, kisha ameze. Kidonge kizima.

Mama yenu