Kumvisha Baba

Jumamosi, 7 Juni

Nimefagia uwanja, nimechota maji, nimepeleka uji mashineni, Baba anakosagia watu unga. Msimu wa mavuno. Magunia ya mahindi yamepangwa mpaka barabarani. Baba kanywa uji amesimama, mkono mmoja juu ya mashine.

Jioni akaniita nje. Nikajua nimekosea kitu. Kumbe ameazima simu ya dada Neema, kaishika kama anashika kifaranga. Kuna ukurasa wa Kiingereza: mwanaume mtu mzima avaeje vizuri bila kumaliza hela.

"Mayu, si ndiyo lugha mnayosomea huko shuleni? Nisomee."

Huniita mayu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Tarehe 28 wakwe wanakuja kutoka Mamba kumtolea dada mahari. Baba ana suruali moja isiyo na kiraka, na fulana za bure za matangazo ya mbegu. Hataki waone wameoa kwa mtu aliyechoka. Atatoa neno la shukrani mbele yao. Hilo ndilo linamnyima raha.

Nimesoma, nikawa naweka kwa Kiswahili polepole. Sijawahi kuongea na Baba muda mrefu hivi.

Jumapili, 8 Juni

Tumeendelea baada ya kanisa. Rangi chache zinazoendana. Nguo ikae vizuri mabegani. Mkanda ufanane na viatu. "Kwani vinajuana?" Baba kauliza. Ujue umbo lako. "Nalijua. Nimelala nalo miaka arobaini na tisa." Mama kacheka mpaka kaweka ungo chini.

Halafu nimefanya kitu. Nakiandika hapa kwa sababu sina pa kukisema.

Nimeongeza sentensi. Nimesema wameandika kwamba mtu mzima asivae kofia pana, inamzeesha. Hawajaandika. Ukurasa mzima hauna neno kofia.

Naichukia ile pama yake. Mwezi wa tatu aliniletea mahindi shuleni kwa pikipiki, pama imefungwa kamba chini ya kidevu, kama ndiyo ametoka kuswaga ng'ombe. Tangu siku hiyo naitwa Binti Pama. Sijui kujibu watu. Huwa nacheka nao tu.

Baba kaivua. Kaiangalia ndani, kaiangalia nje.

"Wameandika hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 11 Juni

Mitumbani na Baba. Muuzaji anapiga kelele juu ya meza: "Mzee wangu sogea, belo la leo hili! Hata mzungu mwenyewe alikuwa hajalichoka!"

Baba hakusogea haraka. Alivuta mishono. Alinusa makwapa ya shati. Aliinua suruali juani kutafuta matundu. Nilitamani kujificha, lakini alikuwa anafuata nilichomsomea, hatua kwa hatua.

Amepata suruali ya bluu nzito na shati jeupe lenye kifungo pungufu. Muuzaji hataki kushuka bei. "Sasa nilipie na kifungo ambacho hakipo?" Watu wakacheka, bei ikashuka. Viatu vya kahawia, vimezidi namba moja. Mkanda wa kahawia. Akanionyesha vyote viwili kwa pamoja.

Nilikuwa na furaha. Ni kweli nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Kwa fundi Bosco, barazani kwake. Kupunguza kiuno, kupandisha pindo, kubana shati mabegani. Alichotaja kimezidi bei ya suruali yenyewe. Baba akavua pama, akaiweka juu ya cherehani.

"Chukua hii, tumalizane. Mimi nimeshaambiwa siiwezi tena."

Fundi kaivaa palepale. Kajitazama kwenye kioo cha wateja.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Neno moja tu lingetosha.

Tumerudi kwa miguu. Jua. Upande wa kushoto wa kichwa cha Baba kuna kovu, pana kama kijiko cha kupakulia, halioti nywele. Pembe ya ng'ombe, alipokuwa mtoto anachunga. Nilikuwa nalijua. Nilijifanya nimelisahau.

Jumanne, 17 Juni

Amejaribisha nguo. Amependeza. Mama kamzunguka mara mbili: "Huyu nani kaingia kwangu bila hodi?"

Lakini mkono wake haukai. Unapanda kichwani, unashuka, unapanda. Wateja mashineni nao: "Mzee Maganga, pama umeipa likizo?" Anacheka. Nakifahamu kicheko hicho. Ni changu.

Ijumaa, 20 Juni

Sijasema.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa fundi peke yangu. Nimekaa nje muda mrefu kabla ya kusalimia. Nikamwambia naomba ile pama, nitamfulia na kumpigia pasi nguo za wateja likizo yote.

"Binti, ile nimeshaiuza, imepanda milimani Mwese na mteja. Ungekuja juzi."

Nimerudi. Baba yuko mashineni, anajisemea kitu peke yake huku mashine inanguruma. Nikasogea. Ni hotuba yake. "Wakwe zangu, mmetembea mbali." Anaanza upya kila akikosea.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekuja wazee sita. Wote na pama. Baba peke yake kichwa wazi. Nimegawa soda, nimeona yote.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Ng'ombe wakakubaliwa. Blanketi la bibi likatolewa. Ikafika koti la baba. Mshenga wao akasimama, akalikung'uta mbele ya watu.

"Koti la mzee hili hapa, ingawa naona kapendeza kabla yetu! Ila jamani, kichwa mmekisahau. Mngekiandika kwenye orodha, tungekifunika!"

Nyumba nzima ikacheka. Hata wa kwetu. Hakuwa na ubaya, washenga ndivyo walivyo. Baba naye akacheka. Akaweka kiganja juu ya kovu, akakiacha hapo hapo.

Zamu yake ikafika. Akasema, "Asanteni. Karibuni chakula." Akakaa.

Ndiyo hotuba yote.

Dada ana furaha, mahari imeenda vizuri, kila mtu anasema imeenda vizuri. Nimeosha sahani na moshi wa jikoni umenisaidia.

Jumapili, 29 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa uani anapiga viatu rangi. Nilisema nikiwa nimeangalia chini. Kwamba hakuna aliyeandika habari za kofia. Ni mimi. Nilikuwa naona aibu shuleni.

Brashi ikasimama.

"Kwa hiyo hawakuandika."

"Hawakuandika, Baba."

Akaendelea na kiatu cha pili. Akamaliza. Ndipo akasema, "Ungesema wewe ndiye hutaki. Ningeivua vilevile."

Afadhali angenichapa.

Jumatano, 2 Julai

Uji, mashineni. Anapokea, anasema asante. Zaidi ya hapo hakuna. Si hasira. Ni kama mtu anayepita pembeni ya ubao wa daraja asioamini kwamba utamhimili.

Mama hajui. Ameuliza mbona kimya. Tumejibu kwa pamoja kwamba tumechoka.

Jumamosi, 5 Julai

Jumanne shule inafunguliwa. Nimepanga sanduku.

Jioni Baba kaja na simu ya dada. Kakaa kwenye benchi, kaacha nafasi. Nikakaa. Harusi ni mwezi wa nane, kasema, na lile koti ni kubwa. Kuna sehemu inayoeleza makoti?

Ipo. Nimesoma Kiingereza kwanza, neno kwa neno, kidole changu kikiwa chini ya mstari ili aone. Kisha Kiswahili. Mikono ya koti iishie kwenye kifundo. Kifungo cha chini kisifungwe.

"Hicho cha kifungo ni chao au ni chako?"

"Chao, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea. Mbele kidogo nikakwama. Neno refu, la kitambaa fulani, sijawahi kuliona darasani wala kwenye kamusi yangu. Zamani ningelizunguka.

"Hili silijui," nikasema.

Baba akainama kulitazama, kana kwamba yeye angelijua.

"Basi liruke," akasema. "Ila ukiruka, mayu, niambie umeruka."

Nikamwambia nimeruka. Tukaendelea.