Kibanda Mbele ya Mlango wa Eda

Likoni, Mombasa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimepoa tangu mvua za milimani zikatike, na kwamba umekubali kupumzika kidogo. Mimi ni mzima wa mwili.

Waniuliza kwa nini kibanda changu cha chai hakina wateja, ilhali niliisifu sana njia yake. Njia ni ileile: atokaye kivukoni kwa miguu hana budi kupita hapa. Nilipoiona sehemu hii tupu, pana, yenye kivuli, nilikata shauri papo hapo. Mwenye kiwanja, Bwana Athmani, alianza kusema, "Pahali ni pazuri, mwanangu, lakini ngoja nikueleze..." Nikamkatiza kwa hoja juu ya mwendo wa watu na tabia ya soko, hata akacheka: "Haya, msomi. Nipe mkono." Tukapeana mkono mbele ya mashahidi.

Alichotaka kunieleza ni kwamba nyumba inayonitazama ni ya dada yake, aliyefiwa na mumewe. Yumo ndani akikaa eda, ambayo kwa mjane ni zaidi ya miezi minne ya kutotoka nyumbani, na mwanamume mwenye adabu hasimami mbele ya mlango kama huo. Wapita njia huinamisha macho na kuongeza mwendo. Jana mchukuzi mmoja alinikuta na gazeti ninalonunua niwasomee wateja, akanitupia maneno: "Msomi, gazeti lako wawasomea mbuzi?"

Nilimwendea Bwana Athmani kumwomba anifungue katika mapatano yetu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?" Safari hii hakucheka. "Umeketi mlangoni pa dadangu majuma haya yote. Leo utoke ghafula, watu wasemeje? Kwamba pana jambo? Kaa, baba, hata atoke eda."

Mimi, mbishi wako wa siku zote, nikampa mkono tena. Nikihama, nitamchafulia jina mwanamke nisiyeujua hata uso wake.

Basi nitakaa. Najua shule ya nyumbani itafunguliwa kabla ya hapo, na Baba Mdogo ameniwekea nafasi ya ualimu akitumaini kwamba nikishindwa nitarudi. Nimeshindwa, wala siwezi kurudi. Mwambie ampe binamu yangu Mghanga. Anafaa, ingawa nimebishana nawe mara nyingi kwamba hafai.

Nisalimie Bibi, mama yako. Dada yangu na mtoto wake mchanga. Na Baba Mdogo, kwa heshima zote. Mama asije kunitembelea kwanza. Atataka kuketi kibandani awaone wateja wangu.

Ni mimi mwanao akutiiye,
Elija Mwakio