Settimia, Aliyeleta Maji

Roccalenta, 4 Machi 1979

Mwanangu Settimia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Torino imeanza kulegea. Mimi sijambo, ila kiuno. Miaka arobaini ya kuchonga mawe lazima inidai mahali.

Jana nilikwenda kununua mkate. Kabla sijafika mlangoni, Ersilia mwoka mikate akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, watu wote wanasikia: "Nazzareno! Binti yako kaliuza jina!"

Nikamwambia, "Na wewe ungeuza huo mdomo, ungepata bei nzuri."

Watu wakacheka, lakini nilinunua mkate wangu nikaenda manispaa kutazama ubao wa matangazo. Tangazo lipo, lina mhuri. Settimia Proietti, mzaliwa wa Roccalenta, anaomba kuitwa Simona. Mwenye pingamizi aseme ndani ya siku thelathini. Nimelisoma mara tatu, nimesimama pale na mkate kwapani kama mwizi.

Sikuulizi kama ni kweli. Nauliza kwa nini nimesoma ukutani jambo ambalo ningeambiwa na mwanangu.

Ni mimi babako,
Nazzareno


Torino, 11 Machi 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na kiuno. Mwambie Ersilia akukande kwa mafuta ya moto. Si ana muda mwingi wa mambo ya watu! Mimi ni mzima, ila vidole vimegeuka buluu kwa rangi za nguo.

Nisamehe, Baba. Nilishindwa kukwambia kwa sababu ningelazimika kukwambia na sababu.

Unakumbuka shuleni walivyoniita Saba, eti Settimia ni jina la mtoto wa saba? "Saba, wenzako sita wako wapi?" Nilikuwa mtoto pekee, kwa hiyo walicheka sana. Siku moja, nina miaka tisa, nilimuuliza Mama: wale sita waliokuja kabla yangu mmewazika wapi? Mama aliweka sufuria chini, akaingia chumbani, akalia. Sikuuliza tena. Nilijua jibu. Tangu siku ile, kila nikiitwa, nasikia makaburi sita yakiitwa pamoja nami. Mama amekufa bila kunitajia hata kaburi moja. Sikulaumu wewe, lakini sikutaka kuzeeka na hesabu hiyo.

Sasa kuna na hili. Wenzangu wa chumba cha rangi, hapa kiwandani, wamenisimamisha nigombee uwakilishi wa wafanyakazi. Mle ndani mvuke unatuchemsha, na bomba la maji ya kunywa liko ua wa pili, upande wa mafundi. Tunaruhusiwa kwenda mara mbili kwa zamu. Mwezi uliopita wasichana wawili walizirai. Wagombea ni wanaume sita na mimi. Orodha ilipobandikwa, Oreste, ambaye ni fundi wa mashine na mgombea mwenzangu, alisema mbele ya watu: "Settimia atakuwa wa saba. Jina limeshapiga kura!" Hata wanawake walicheka. Nami nilicheka, Baba. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kura ni tarehe 30. Nafikiri nitajitoa.

Nibusie paka.

Binti yako


Roccalenta, 20 Machi 1979

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako niliisoma Alhamisi, na hadi Jumapili sikuonja divai. Ujue hali ilivyokuwa.

Naanza na lililo zito. Hakuna makaburi. Hakuna hata moja. Hakuna aliyekutangulia tumboni mwa mama yako. Siku ile ulipomuuliza, alikuwa ametoka kwa daktari wiki hiyohiyo, kaambiwa hatazaa tena. Ulimuuliza habari za watoto sita wa nyuma, yeye alikuwa akiwalilia wa mbele, ambao hawatakuja. Nilikuwepo. Nilipaswa kukuita nikueleze. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Umebeba mzigo huo miaka kumi na tisa kwa sababu ya mdomo wangu mzito.

Basi jina lilitoka wapi? Mama yako ndiye aliyelitaka, kwa ajili ya bibi yake. Mimi nilijua hilo tu. Jumatatu nikaenda kanisani kwa Padri Callisto.

"Nazzareno," akasema, "tangu ufunge ndoa na nyundo sijakuona humu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka vitabu vya ubatizo."

Tulifunua vitabu siku mbili, vumbi mpaka kooni. Asili ya jina ni saba kweli, hilo wenzako hawakukosea. Ila Padri anasema kwa Warumi wa kale lilikuwa jina la ukoo mzima. Hata kaisari mmoja aliyezaliwa Afrika, ng'ambo ya bahari yetu, alikuwa wa jina hilo. Mtu hakuhesabiwa, alirithi.

Halafu akanishika mkono akanipeleka kwenye chemchemi ya kufulia. Lile jiwe la ukutani, mwanangu! Maisha yangu yote nimelipita nikisifu mkono wa aliyelichonga, wala sikuuliza limesema nini. Padri akalifuta kwa kanzu yake, akasoma Kilatini, ambamo Settimia huandikwa Septimia, akanigeuzia: "Septimia, binti wa Lucius, aliwaletea wenyeji maji haya kwa mali yake."

Na vitabu vikamaliza. Kila mwaka walibatizwa akina Settimia wawili watatu. Mwaka 1903, kumi na mmoja! Nikauliza kulikoni. Padri hakujua. Ersilia ndiye aliyejua, maana mama yake alikuwepo. Mwaka ule kilima kiliporomoka kikafukia chemchemi. Manispaa ikasema maji yamekwisha, watu wahame. Bibi wa mama yako, Settimia, akachukua sururu akaanza kuchimba peke yake. Wanaume wakamwita kichaa. Siku ya tatu wakawa wanawake wanane, siku ya kumi wakawa mji mzima wa sketi. Siku ya kumi na tisa maji yakatoka. Wote waliojifungua mabinti mwaka huo walijua wawaite nani.

Baada ya vita watu walitaka majina ya sinema. Wa mwisho kitabuni ni wewe, mwaka 1951.

Pingamizi sitaweka. Siku zimebaki kumi na moja, nami ubaoni sirudi. Jina ni lako. Ukilitupa, utabaki mwanangu vilevile. Nilitaka tu utupe unachokijua.

Kuhusu Oreste sina ushauri. Mimi ningempiga.

Babako


Torino, 3 Aprili 1979

Baba yangu,

Kaa kwanza. Umekaa? Shikamoo! Mimi ni mzima, sauti tu ndiyo imekauka kabisa.

Barua yako ilifika tarehe 26. Niliisoma ngazini, nikashindwa kupanda ghorofani. Nililia kwa ajili ya Mama, kilio ambacho sikukilia hata msibani. Kisha nikalala kama mtoto.

Siku ya mkutano wa wagombea, bwalo la chakula lilijaa pomoni. Zamu yangu ilipofika, Oreste akapaza sauti: "Tupisheni, wa saba huyo!" Kicheko. Safari hii mimi sikucheka. Nilipanda juu ya benchi.

Nikasema, "Oreste, unajua jina langu maana yake nini?"

"Saba!"

"Basi nikumalizie." Nikawasimulia, Baba. Kilima, sururu, siku kumi na tisa. Nikawaambia kwetu kila maji yakikauka kuna Settimia anayeyaleta, na hajawahi kuomba ruhusa ya fundi. Nikawaambia sitaki ahadi kumi, nataka bomba moja, chumba cha rangi, kabla ya joto.

Nikadhani nimeharibu. Mara Calogera, mama mmoja wa Sicilia ambaye hajasema neno tangu Krismasi, akaanza kugonga kikombe cha bati mezani. Ko, ko, ko. "Set-ti-mia!" Wakafuata wa rangi, wakafuata wa kufuma, wakafuata na mafundi. Mle ndani ilikuwa kama mvua ya mawe.

Kura: Settimia Proietti, 231. Oreste, 94. Waliobaki waligawana makombo. Oreste alikuja kunipa mkono, masikio mekundu, akasema, "Kumbe nilikupigia kampeni mwenyewe." Nikamwambia asante.

Jana tuliingia kwa meneja. Alisema mwaka ujao. Nikamwambia chumba kizima kitakwenda ua wa pili kunywa maji, wote pamoja, kila saa. Akakuna kichwa, akatia saini. Bomba litafunguliwa Jumanne tarehe 24.

Na ombi langu la Simona nimeliondoa. Karani aliniuliza sababu, nikamwambia ni ndefu, foleni iliyo nyuma yangu isingesubiri niieleze.

Nakuomba uje. Najua hujawahi kupanda treni zaidi ya Roma. Njoo.

Binti yako,
Settimia


Roccalenta, 17 Aprili 1979

Mwanangu,

Pasaka njema kwako na kwa Calogera, ambaye nataka kumwona kwa macho. Mimi mzima. Kiuno nimekisahau.

Barua yako nilimpa Ersilia aisome kwa sauti mbele ya duka, kwa kuwa mdomo ule lazima utumike kwa kheri siku moja. Alipofika kwenye kura, alirudia idadi mara nne. Padri Callisto alipiga kengele saa tano asubuhi, bila ibada wala maiti. Watu walitoka mashambani wakidhani pamewaka moto.

Leo nimeshuka stesheni kukata tikiti. Kijana wa dirishani akaniambia, "Torino mbali, mzee. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa binti yangu, Settimia," nikasema kwa sauti, stesheni nzima isikie.

Akasema, "Nimekusikia, mzee."

Nikamwambia tena: Settimia.

Nitafika Jumatatu jioni.

Babako,
Nazzareno