Ulivyohama Nyumba ya Wazee

Baba,

Jana nilirudisha fleti yako. Msimamizi wa jengo alipita vyumbani, akavitikisa vile vyuma vya kushikia bafuni, akasema ataviacha kwa atakayekuja. Nikatia sahihi. Ilichukua robo saa.

Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa shule ya bweni Korogwe. Ulikuwa ukinirudishia barua zangu, makosa umeyapigia mstari. Hii hutaisahihisha.

Naandika kwa sababu msibani watu walisimulia vingine. Walisema binti yako ndiye aliyekutoa nyumba ya wazee. Nikapokea sifa kimya. Wewe unajua kwamba nilikataa.

Ulikaa pale miaka miwili baada ya kiharusi. Mimi ni muuguzi huku ughaibuni. Kila wiki nawapokea wazee waliovunjika nyonga majumbani mwao. Pale ulikuwa na kengele kitandani na dawa kwa saa zake, nami niliweza kumaliza zamu bila kuitazama simu. Ulilalamika mara moja tu. "Mwanaidi, hapa nalazwa saa moja jioni kama kuku." Nikacheka. Wewe hukucheka.

Halafu akaja Esther, yule mama wa Kikenya ambaye kazi yake ni kuwasaidia watu kutoka kwenye nyumba hizo warudi kuishi kwenye makazi yao wenyewe. Alivuta kiti, akakuuliza, "Mzee, wewe unataka kuishi wapi?"

Nikajibu mimi. "Hawezi kukaa peke yake."

"Najua, dada," akasema, bila ukali. "Lakini nimemuuliza yeye."

Kisha ukasema, "Mahali penye jiko."

Fomu zilichukua miezi minane. Mikutano yote mlihudhuria wewe na Esther. Mimi sikwenda hata mmoja. Siku ya kuhama, ndugu yangu Salim alitoka Springfield na gari la kuazima akabeba kitanda na viti. Nilikwambia kazini wamenikatalia ruhusa. Sikuomba, Baba.

Fleti ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na stesheni ya treni ya Wheaton, yenye lifti. Msaidizi alikuja asubuhi na jioni. Katikati ulikuwa peke yako, na ulipika umekaa, kwa mkono mmoja. Uliunguza maharage mara mbili. Mwezi wako wa tatu pale ukaanguka kati ya kitanda na bafu, ukalala sakafuni dakika arobaini mpaka msaidizi alipofungua mlango. Nilifika hospitali ningali na sare za kazi.

"Si nilikwambia, Baba?"

"Uliniambia, na nilisikia. Sasa nikirudi nyumbani uninunulie mkeka usioteleza."

Nyumbani. Miaka miwili hukuwahi kukiita kile chumba kingine hivyo.

Nilinunua mkeka. Tangu hapo nikawa nakuja kila Jumapili, mwanzoni kwa ukaguzi. Nilifungua jokofu, nikahesabu vidonge. Ukanipa kitunguu nikate. Jumapili iliyofuata, ukanipa nazi. Mchuzi ukiiva ulinituma na bakuli mlango wa pili kwa Papa Lukusa, jirani yako Mkongo, naye akisema, "Aksanti, vieux anapika muzuri," yaani wewe mzee. Sikumbuki ni lini niliacha kuhesabu vidonge.

Ulikaa pale miezi kumi na mmoja. Msaidizi alikukuta asubuhi kwenye kiti chako, umeshavaa, chai iko nusu. Ni moyo uliosimama. Daktari alisema ungesimama popote, hata pale penye kengele. Jibu hilo nimelipima kama muuguzi na nimelikubali. Kama binti bado... basi, bado.

Vitu vyako havikuwa vingi. Salim amechukua redio na msahafu. Sufuria kubwa nilimpa Papa Lukusa. Salim hakupenda, ila hakusema sana. Mashati bado yako kwangu kwenye mfuko, sijayafua.

Juzi Esther alinipigia. Kwenye nyumba ileile uliyokaa kuna mama kutoka Mombasa anayetaka kutoka, na binti yake hataki kusikia. Akaniomba nizungumze na huyo binti. Nikamwambia sina la kumwambia mtu. Akasema, "Sawa, dada," akasubiri, hakukata simu. Mwishowe nikamuuliza ni siku gani. Ni Jumamosi hii.

Najua huyo binti atakavyonitazama, maana mimi nilimtazama Esther hivyo hivyo. Sitamwambia kwamba ni salama, kwa kuwa si salama. Nitamweleza ulivyoanguka, na muda uliolala pale chini. Nitamweleza pia kuhusu zile Jumapili, na kwamba nusura nizikose kwa woga wangu mwenyewe. Sijui kama nitaweza kulisema hilo mbele ya mgeni.

Nenda salama, Baba. Mola akuweke palipo pema. Ninachokuahidi ni kimoja: huyo binti akinifungia mlango Jumamosi hii, nitakwenda tena Jumamosi ya pili.

Mwanao,
Mwanaidi