Gari la Baba Limepona

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kifua kimeachia na bosi wako amepunguza ukali. Huku Mama anaendelea na swala zake, wanangu ni wasumbufu kama ulivyowaacha, na ulimi wangu bado mrefu. Habari za Baba naziweka kando kidogo, nivumilie.

Unakumbuka alivyolipokea lile gari ulilomnunulia? Dereva mstaafu kapata usukani wake mwenyewe, weee! Alilipangusa mpaka majirani wakamtania kwamba ameoa mke wa pili. Mama akawajibu kuwa mke mwenza huyo afadhali, hamalizi sukari.

Baridi ilipoingia, na wanangu wakipiga makelele sebuleni, Baba akahamia garini. Alikuwa anafunga mlango wa banda kukinga upepo, anawasha injini apate joto, anasikiliza taarifa ya habari. Baadaye akaanza kulalamika kichwa, kisha kichefuchefu. Mama akasema ni kelele za watoto, nami nikakubali. Basi kila kichwa kilipomgonga tulimwambia akapumzike garini, kule kumetulia. Ee Mungu wangu! Tulikuwa tunamrudisha kwenye sumu, na blanketi tukimpa.

Siku moja Mama alikwenda kumwita aje kula, akamkuta ameinamia usukani hajitambui, redio inaongea peke yake. Tukamkimbiza hospitali.

Fundi wa ekzosi, yule tunayemwita Masizi, aliingia chini ya gari akatoka, na unalijua domo lake. Akaniambia watu hudhani ekzosi ni ya kuzuia kelele tu. Kelele ni kazi ya sailensa. Mbele yake kuna kopo lenye matundu kama sega la nyuki, hilo ndilo linalopunguza sumu, na bomba lote lipo ili moshi ukatokee nyuma, mbali na pua za watu. La kwetu lilikuwa limeliwa na kutu, limepasuka chini ya kiti cha dereva, kabla hata ya kopo. Na hata lingekuwa zima, alisema, injini haiachwi ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa. Hewa ile ya sumu haina rangi wala harufu, na damu huipokea upesi kuliko hewa safi. Akaliunga bomba jioni ileile. Gari limepona.

Baba hajapona, kaka. Nilipokuandikia kwamba ana mafua nilikudanganya, Mama aliniomba. Daktari anasema ubongo ulikosa hewa muda mrefu, na kilichokufa hakirudi. Mama bado anaomba muujiza. Mimi najua maji yakimwagika hayazoleki, na inaniuma vibaya sana. Baba hamtambui tena Mama. Mimi ananiita nesi.

Aliyebaki kichwani mwake ni wewe tu. Kila asubuhi anavaa shati lake la kazi, ananiagiza nikapashe injini moto, mwanawe anafika leo na anakwenda kumpokea. Namjibu gari liko tayari. Anakaa mlangoni mpaka jua linazama.

Sikuiti, wala sikukatazi kuja. Ila jana nilimwonyesha picha yako. Aliitazama sana, akaniuliza kijana huyu ni nani, na kama huko njiani hakumwona mwanawe.

Mama anakusalimu sana, na watoto pia. Salamu za Baba sina.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba mwenye ulimi mrefu