Koili ya Bi Tausi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Manzese hata umeme ukinipita huniamkia, sembuse wewe wa kidato cha pili. Bibi yako mzima, amenuna tu kwa kuwa nimeifungua redio yake.

Umeuliza ukinzani unapatikanaje. Mie niliishia darasa la tano, lakini sikiliza. Ujanani, jiko la umeme la Bi Tausi, muuza maandazi, lilikuwa linakata fyuzi, na wenye harusi walishaanza kutuma watu kuulizia maandazi yao. Fundi Chande, mwenye cheti, akataka kuweka fyuzi nene.

"Braza, utaunguza nyumba," nikamwambia.

"We dogo, umesomea wapi?" akacheka.

Nikawasha, nikapima kabla fyuzi haijakatika: volti 230, ampia 10. Gawanya volti kwa ampia, unapata omu 23. Zidisha, wati 2,300. Ubavuni mwa jiko paliandikwa wati 1,150. Yaani nusu ya waya wa koili haipo: kila ulipokatika, mtu aliondoa kipande kilichoungua, akaunga. Waya ukifupika ukinzani hupungua, umeme unapita mwingi.

Nikaweka koili mpya. Fyuzi ikatulia, maandazi yakafika harusini yakiwa ya moto, mtaa mzima ukaniita injinia.

"Sasa nani alikuwa anaukata waya wangu?" akauliza Bi Tausi.

Nikamwonyesha Chande kwa kidevu. Hakumpa kazi tena.

Hesabu zangu, mjukuu wangu, hazikukosea hata tarakimu moja. Ila aliyekuwa anaukata ule waya ni mie.

Babu yako