Kadi ya Sigara Iliyokatwa Ukingo

Ijumaa. Mvua iliyotusumbua wiki nzima imekatika, jua limetoka, na nina furaha ya kijinga ambayo lazima niiandike kabla haijapoa.

Miaka mitatu nimekuwa nikifunga maboksi kwenye kiwanda cha kuchapa lebo hapa St Marys. Kazi si mbaya, mgongo tu ndio unaolalamika. Lakini siku zote macho yangu yalikuwa upande wa mashine, kwenye wino. Mwezi uliopita nafasi moja ya kule ilitangazwa, nikajaza fomu bila kumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya usaili. Tulibaki wawili: mimi na Papa Héritier, Mkongo ninayesali naye kanisa moja, mtu mwenye jibu la kila kitu hata asichoulizwa.

Msimamizi wetu, Trevor, hakuwa na maswali ya karatasini. Aliweka mezani kioo cha kukuzia na kikadi kidogo kinachoenea kiganjani, chenye mchoro wa mwanamume aliyeshika gongo. Nakiri, nilidhani ni mlinzi wa geti. Kumbe ni mchezaji wa besiboli wa Marekani, na kadi ina zaidi ya miaka mia. Ilitiwa ndani ya pakiti ya sigara ili pakiti isipondeke, na mvutaji atamani kununua nyingine akusanye wachezaji wote.

Swali lilikuwa moja tu: kadi hii ilipita kwenye mashine mara ngapi?

Papa Héritier hakugusa hata kioo. Alijibu kwamba ni mara nne, kwa kuwa mashine zetu zina wino wa rangi nne. Kisha akaninong'oneza, "Ni four tu, Mama Divine. Donc usipoteze temps, usipoteze muda."

Nikachukua kioo. Rangi ya midomo ya yule mchezaji ilikuwa imeteremka, wekundu umekaa karibu na kidevu. Papo hapo nikakumbuka vitenge. Kule kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia, mama aliuza vitenge sokoni, na kabla ya kuchukua mzigo alinifundisha kutazama ukingo wa kitambaa, ambapo kila rangi huacha doa lake. Ukihesabu madoa, unajua kitambaa kilichapwa rangi ngapi. Bila kufikiri nikaigeuza kadi kutafuta ukingo. Nyuma palikuwa na jina la sigara tu.

Niseme sijui mbele ya bosi, na mwenzangu ameshajibu?

"Siwezi kuzihesabu zote," nilimwambia Trevor. "Naona sita, labda na zaidi. Rangi huhesabiwa ukingoni, na huu ukingo wameukata."

Nikajua nimeharibu. Halafu Trevor akafungua droo akatoa picha ya karatasi ya zamani ambayo haikukatwa vizuri, yenye misalaba midogo pembeni. Alianza kueleza kama mtu aliyengoja miaka aulizwe. Kule New York kadi hizi zilikochapwa, kila rangi ilichorwa kwenye jiwe lake, kwa chaki ya mafuta, kinyumenyume. Jiwe likiloweshwa maji, wino unashika penye mafuta tu. Karatasi kubwa yenye kadi nyingi ilipita jiwe baada ya jiwe, na ile misalaba ndiyo iliyowaonyesha kama rangi imekaa mahali pake. Mwishowe kadi zikakatwa, ukingo ukatupwa.

Idadi kamili ya rangi za kadi yake, hata yeye haijui. Alichotaka ni mtu anayetazama kabla ya kujibu.

Mchana akaniachia mashine. Karatasi ya kwanza, bluu ilikimbilia pembeni. Nikazungusha kidogo kitasa cha kusogezea rangi. Ya pili, bado.

Ya tatu ikakaa.

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Papa Héritier alinuna mpaka saa nane, kisha akaja kunipa mkono na kuniambia kwamba hata yeye angenichagua mimi. Mama nilimpigia nikiwa bado kwenye maegesho. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli Wazungu nao hutazama ukingo.

Jumatatu naanza kwenye mashine. Na leo ni Ijumaa tu. Hizi siku mbili nitazimalizaje?